Mama mkubwa yumo kwenye hesabu, mjomba hayumo

Katika ukoo wetu korona iliua mtu mmoja au wawili, inategemea unamwuliza nani.

Mama mkubwa alifia Ukunda, Kwale, katikati ya Juni 2020. Umri miaka 78, kisukari cha siku nyingi, na kiharusi kilikwisha kumlaza upande mmoja. Alipofikishwa hospitali walimchukua sampuli ya puani, akafariki kabla jibu halijarudi, na jibu liliporudi siku mbili baadaye likasema alikuwa na virusi. Basi yumo. Ni mmoja kati ya watu 5,689 ambao Kenya imewaandika kuwa walikufa kwa korona.

Mjomba alifia Tanga Februari 2021. Miaka 59, mtu wa ngalawa, kifua kama mlango. Alianza na mafua, siku ya tano akawa hamalizi sentensi bila kutweta, siku ya tisa tukamzika. Kipimo hakikufanyika. Cheti kinasema nimonia, na pale msibani wazee walisema "changamoto ya upumuaji", maneno ambayo mwezi ule kila mtu aliyajua maana yake na hakuna aliyeyafasiri. Hayumo kwenye hesabu yoyote ya korona, ya Tanzania wala ya dunia.

Kati ya makaburi hayo mawili pana mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Wadigo wako kote kuwili, na kwa watu wa kwetu mpaka ule ulikuwa mahali pa kugongewa muhuri tu, unakwenda arusini Ukunda na kesho yake uko Tanga unachambua dagaa. Nilikuwa karani wa wakala wa forodha pale Horohoro. Kenya ilipoufunga kwa abiria tarehe 16 Mei 2020 na kuacha mizigo peke yake, niliona foleni ya malori ikirefuka huku madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Mtu kapimwa upande huu hana, kapimwa upande wa pili anao, kichwa ni kilekile na pua ni ileile. Mikoa ya mpakani upande wetu nayo ikajibu kwa kuzuia malori ya Kenya, hadi mawaziri wa nchi mbili wakakutana kuzungumza.

Kila ninaposikia ubishi wa nchi gani iliiweza korona na nchi gani ilishindwa, nawakumbuka wawili hawa. Ubishi huanza na jedwali: Tanzania vifo 846, Kenya 5,689, Afrika Kusini zaidi ya laki moja, Peru zaidi ya laki mbili na elfu ishirini, Marekani zaidi ya milioni 1.1. Ukilitazama harakaharaka utadhani unaona ukali wa ugonjwa. Kwa sehemu kubwa unachokiona ni urefu wa safari ambayo kifo husafiri hadi kuwa namba.

Safari yenyewe ni hii. Mgonjwa atoke nyumbani afike kituoni. Kituo kiwe na kipimo. Sampuli ifike maabara. Daktari aandike alichokiona, si alichoambiwa aandike. Mwisho awepo mtu wa kusimama mbele ya kamera na kuitaja idadi. Ikikatika popote hapo katikati, kifo kinabaki msiba wa familia na majirani zao.

Tanzania ilikatika mwisho kabisa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, abiria aliyetoka Ubelgiji na kushukia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, na shule zikafungwa kesho yake. Mwanzoni mwa Mei hesabu ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya cha zaidi ya mwaka. Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikiwa na majina ya watu, zikarudi zimekutwa na korona. Niseme ukweli: wazo la kuijaribu maabara kwa siri si la kipuuzi, maana sampuli huchafuka na vipimo hukosea. Lakini mizani ikiharibika dukani hutengenezwa. Sisi tuliiweka uvunguni tukaendelea kupima kwa macho.

Kenya ilitangaza kila siku, tena kwa msisitizo, hadi watoto wakawa wanamwigiza waziri wa afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe. Hata hivyo huko safari ilikatika mapema, kule ambako mgonjwa hajatoka nyumbani. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust wa Kilifi walipima damu iliyotolewa na wachangiaji zaidi ya 3,000 kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Walitafuta kingamwili, alama inayobaki mwilini baada ya virusi kupita. Kitaifa wakakadiria asilimia 4.3, na Mombasa asilimia 8. Hata ukiwahesabu watu wazima peke yao, hiyo ni zaidi ya milioni moja, wakati waliokuwa wametangazwa Kenya nzima walikuwa kama elfu mbili. Kwa hiyo nchi iliyonyamaza na nchi iliyosema kila jioni zote zilikuwa zinauona ugonjwa kwa tundu la ufunguo. Tofauti ni kwamba moja ilikiri kuwa inachungulia.

Utafiti ulionikaa zaidi ni wa Lusaka. Kati ya Juni na Septemba 2020 watafiti waliwapima marehemu katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya chuo kikuu. Kati ya 364 waliopata majibu yao, 58 walikuwa na virusi, yaani karibu mmoja kati ya sita. Wengi wao walifia majumbani, na hao waliofia majumbani hakuna aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Zambia wakati huo ilikuwa inasifiwa kuwa haijaguswa sana. Sisemi Tanga ilikuwa Lusaka. Nasema tu kwamba ukitaka kujua kama nyumba ina moshi, lazima mtu aingie jikoni.

Tena usidhani huu ni ugonjwa wa hesabu za Kiafrika. Agosti 2020 Uingereza iliamua kwamba kifo cha korona ni cha mtu aliyekufa ndani ya siku 28 tangu akutwe na virusi, na kwa uamuzi huo peke yake vifo zaidi ya 5,000 vikatoka kwenye jumla kwa siku moja. Ubelgiji ilihesabu hata wazee waliofia nyumba za kutunzia wazee kwa dalili tu, bila kipimo, ndiyo maana katika majedwali ya mwanzo ilionekana kama nchi iliyopigwa kuliko zote Ulaya. Peru ilikwenda kinyume na Uingereza: tarehe 31 Mei 2021 ilibadili vigezo, na hesabu yake ikaruka kutoka vifo elfu 69 na kitu hadi zaidi ya 180,000. Hakuna aliyekufa usiku ule wa kubadilisha karatasi. Walikuwa wamekufa tayari.

Kwa ajili hiyo wataalamu huacha kuuliza "wangapi walikufa kwa korona" na kuuliza "wangapi walikufa kuliko kawaida". Huitwa vifo vya ziada. Unachukua idadi ya vifo vya kila aina mwaka 2020 na 2021, unatoa idadi ambayo ingetarajiwa kwa miaka ya nyuma, kinachobaki ndicho cha kujibiwa. Njia hii ina uzuri wake. Haijali cheti cha mjomba kimeandikwa nini, na haimbishii mama mkubwa kama alikufa kwa korona au alikufa nayo. Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake: vifo vya ziada milioni 14.9 kwa miaka miwili, wakati vilivyoripotiwa vilikuwa milioni 5.4. Kwa India peke yake shirika lilikadiria karibu milioni 4.7, takribani mara kumi ya namba rasmi, na serikali ya India ikakataa waziwazi.

Shida ni kwamba ili ujue kilichozidi lazima ujue kilichokuwa kawaida. Afrika Kusini inaweza, kwa sababu kifo pale karibu lazima kiandikishwe, na watafiti wao walipopiga hesabu wakakuta vifo vya ziada karibu laki tatu, mara tatu ya vile laki moja vilivyotangazwa. Kwetu mtu hufia nyumbani alfajiri na adhuhuri yuko kaburini. Mwenyekiti wa mtaa anajua, imamu anajua, aliyeshona sanda anajua. RITA, wakala wa serikali wa kuandikisha vizazi na vifo, wanaweza wasijue hadi siku mirathi itakapogombewa. Kwa hiyo makadirio ya nchi kama yetu hutengenezwa kwa kuangalia nchi zenye rekodi na kukisia. Mtu akikwambia kwa kinywa kipana kwamba Tanzania walikufa kadhaa wa kadhaa, au kwamba hawakufa, anakupa imani yake.

Sasa, pamoja na hayo yote, kuna tofauti ambayo si ya karatasi. Korona ilikuwa na macho ya kuchagua umri. Hatari ya kufa ikishakuingia hupanda karibu maradufu kwa kila miaka mitano hadi minane ya maisha. Italia mtu wa katikati kabisa, ukiwapanga wote kwa umri, yuko kwenye arobaini na kitu juujuu. Tanzania yuko kwenye kumi na saba au kumi na nane. Virusi vilevile vikiingia Bergamo na vikiingia Handeni vinakuta nyumba mbili tofauti kabisa: kule kizazi cha mababu, huku uwanja wa shule. Hili haliifanyi korona kuwa hadithi ya wazungu, kama wengine walivyopenda kusema. Linaeleza tu kwa nini mtaa ungeweza kuambukizwa wote na misiba ikawa mitatu badala ya thelathini.

Na hapa ndipo swali la kufunga au kutofunga linapokuwa gumu, kwa sababu kinga ilikuwa na bei, na bei hiyo walilipa zaidi vijana.

Dada yangu anakaa Likoni. Wakati huo alikuwa anauza viazi karai na bajia jioni, kando ya njia ya watu wanaoteremka kutoka feri. Kafyu ya Kenya ilipoanza Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, polisi waliwarushia gesi ya machozi na kuwapiga watu waliokuwa wamejaa feri wakijaribu kuwahi nyumbani. Kwa muuza viazi karai, saa moja ndipo siku inapoanza. Shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba katika siku kumi za kwanza za kafyu watu wasiopungua sita walikufa kutokana na ukatili wa polisi. Mmoja ni mvulana wa miaka 13 aliyepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Nairobi. Siku zile vifo vya korona vilivyotangazwa Kenya vilikuwa vya kuhesabika kwa vidole.

Mama mkubwa alipofariki, Kwale ilikuwa imefunguliwa siku chache nyuma lakini Mombasa bado imefungwa. Marufuku ya kuingia na kutoka iliondolewa Julai. Likoni na Ukunda ni mwendo wa chini ya saa moja kwa matatu. Dada alikwenda kuomba kibali cha kuvuka kwenda kuzika. Kilitoka kesho yake. Maiti wa Kiislamu hasubiri mhuri. Akazikwa mbele ya watu wasiozidi kumi na watano, wabebaji wamevaa mavazi meupe kuanzia kichwani, na sisi wa Tanga na yeye wa Likoni tulikuwa sawasawa kwa umbali, kila mmoja na simu yake, picha inakwama kila baada ya dakika mbili.

Msiba wa mjomba, miezi minane baadaye, ulikuwa turubai mbili zimejaa. Tulikumbatiana, tulilia begani kwa watu, tulikula sinia moja watu watano. Kuna wakati nadhani tulitendewa wema mkubwa kuachwa tuzike hivyo. Kuna wakati nawaza wangapi waliondoka pale na mafua. Mawazo yote mawili ninayo mpaka leo na sijaweza kulifukuza mojawapo.

Ukinilazimisha nitaje jambo ambalo Tanzania ilifaidika nalo bila ubishi, nitasema shule. Watoto wetu walikaa nyumbani kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni 2020. Wa Kenya, ukiacha madarasa ya mitihani na darasa la nne walioitwa Oktoba, walirudi Januari 2021, wakakuta mwaka mzima umefutwa na wanarudia darasa lilelile. Wa Uganda walifungiwa Machi 2020 na shule hazikufunguliwa kwa wote hadi tarehe 10 Januari 2022, kufungiwa kurefu kuliko kwote duniani. Kuna wasichana walioondoka darasani na daftari na hawakurudi kwa sababu walikuwa wameshakuwa mama. Hao hawako kwenye jedwali la korona, ila korona iliwapitia.

Lakini kufunga mapema nako hakukuwa hirizi. Peru ilifunga katikati ya Machi 2020, wiki ileile ambayo sisi tulifunga shule, tena kwa ukali, jeshi barabarani. Ikaishia kuwa na vifo vingi kwa idadi ya watu wake kuliko nchi yoyote duniani. Sababu zake mtu wa Tanga anazielewa bila kufasiriwa. Wafanyakazi wengi hawana mshahara wa mwezi, usipotoka huli. Nyumba nyingi hazina friji, kwa hiyo sokoni ni kila siku, na soko likawa ndilo tanuri la maambukizi. Pesa za msaada zilitoka kupitia benki, watu wakasongamana benki. Hospitali zikaishiwa oksijeni, na familia zikawa zinakesha kwenye foleni na mitungi ya kujaza, bei inapanda kila asubuhi.

Mtungi huo naujua. Siku ya saba ya mjomba tuliambiwa hospitalini kwamba oksijeni iliyopo inagawanywa, tutafute ya kwetu. Tulizunguka na gari la jirani hadi kwa mafundi wa kuchomea vyuma. Tulipoupata alikuwa ameshachoka kuvuta. Nyumbani, kabla ya hapo, tulikuwa tumemfukiza nyungu, mchaichai, majani ya mwarobaini na limau, blanketi juu. Simlaumu aliyetushauri. Mvuke hulegeza pua na humpa mgonjwa kitu cha kufanya, lakini mapafu yaliyojaa hayasikii mvuke. Wiki ileile, tarehe 17 Februari, Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki, na chama chake kilikuwa kimeshatangaza tangu mwisho wa Januari kwamba ana korona. Nakumbuka watu barazani wakiisoma taarifa ile kwa sauti ya chini, kama barua ya mtu.

Burundi iligeuka ghafla kuliko sisi. Mei 2020 iliwafukuza wawakilishi wa Shirika la Afya Duniani siku chache kabla ya uchaguzi. Juni Rais Nkurunziza akafariki, sababu rasmi ikitajwa kuwa moyo kusimama, na kabla ya mwezi kwisha mrithi wake Ndayishimiye akaitangaza korona kuwa adui mkubwa wa taifa na kupunguza bei ya sabuni.

Utalii nao unachekesha kwa uchungu. Tanzania ilifungua anga Mei 2020 ikasema njooni. Kenya ilibaki imefunga hadi Agosti. Mwisho wa mwaka watalii wa Tanzania walikuwa wameshuka kutoka milioni 1.5 hadi kama laki sita na ishirini, na wa Kenya kutoka milioni mbili hadi chini ya laki sita. Vijana wa Nungwi na wa Diani walikaa ufukweni mtupu uleule, kwa sababu uamuzi wa kusafiri ulikuwa unafanyika Frankfurt na Milano.

Chanjo zilipokuja zilikuja kwa mpangilio wa mifuko. Kenya ilipokea dozi milioni moja na kidogo za AstraZeneca tarehe 3 Machi 2021, mara India ikazuia kuuza nje na waliochanjwa mara moja wakabaki wanasubiri ya pili. Tanzania ilianza tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia akichomwa hadharani. Mama yangu alikataa karibu mwaka mzima, akisema aliyoyasikia kwenye simu, na mimi sikumweza. Aliyemweza ni Saudia, walipotangaza kwamba hija ya 2022 ni kwa waliochanjwa.

Mwaka huohuo wa chanjo Tanzania ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, dola milioni 567, sawa na shilingi trilioni 1.3, za kupambana na athari za ugonjwa ambao tulikuwa tumesema umekwisha. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, na kila jengo likapewa jina lile rasmi la korona ambalo barazani hakuna aliyewahi kulitamka. Shule iliyo nyuma ya nyumba ya mjomba ilipata vyumba viwili, bati la bluu, maandishi ukutani. Mwanawe wa mwisho alihamishiwa humo alipofika kidato cha pili. Ukimwuliza yuko mkondo gani anakujibu bila kufikiri: "Niko UVIKO."